Bega kwa Mama, Tumbo kwa Dada

Nyumbani, 4 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yalisalimika, pamoja na yale ya kunikaripia. Nimekoma. Nitaandika mara kwa mara, maana ile simu ya ofisi ya mkuu wa shule siiwezi. Mtu unaeleza shida zako huku katibu wake anapunguza sauti ya redio asikie vizuri.

Tumbo limerudi. Najua umenikataza kusema limerudi kwa sababu halijawahi kuondoka, na ni kweli, ila kuna siku linakaa kimya mpaka najisahau. Juzi kazini tulimuaga mwenzetu anayestaafu, Bosi akaleta nyama ya kukaanga, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, nami nikala kama watu wengine. Dada, nilipofika nyumbani sikukaa. Nikikaa linauma, nikilala linauma, nikisimama linauma, ila nikitembea angalau nina kitu cha kufanya. Nilizunguka meza mpaka shemeji yako Kinyozi akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia nanyoosha miguu.

Nimerudi zahanati. Daktari ni mwingine tena, kijana, anaandika kabla hujamaliza kusema. Unakumbuka wa kwanza alisema minyoo, wa pili vidonda vya tumbo, wa tatu gesi, na yule wa nne akasema mawazo, akaniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Huyu amerudi kwenye vidonda. Nimepewa ile dawa nyeupe nzito, na kwa jinsi nilivyoinywa miaka hii nadhani chokaa niliyoimeza ingetosha kupaka nyumba nzima, pamoja na choo.

Mama hapo kwako asijue. Akisikia neno tumbo anamwona Baba. Mwambie mimi mzima. Na Kinyozi nimemwambia ni uchovu, maana ukimpa kinyozi habari asubuhi, jioni mtaa mzima umenyolewa nayo.

Wasichana wako wa bweni bado wanaficha biskuti chini ya magodoro?

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, 4 Februari

Mama,

Shikamoo. Bahasha hii ni yako peke yako. Nimeandika MAMA kwa herufi kubwa ili Dada asije akasema ameifungua kwa bahati mbaya.

Sisi hatujambo. Kinyozi amepata kiti kipya cha dukani, kinapanda na kushuka, na siku nzima anawapandisha na kuwashusha wateja hata ambao hawakuomba. Kwa dobi nako kazi ni nyingi mpaka basi. Hoteli mpya inatuletea mashuka na vitambaa vya meza, na Bosi anataka kila kitambaa kinyooke kama ubao.

Neno moja tu, nalo ni dogo. Bega la kulia linanisumbua. Si juu, ni nyuma, chini ya lile fupa pana, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki. Ni pasi tu, Mama. Hapa kila mpiga pasi ana bega lake, tunaliita bega la kazi, na la mwenzangu wa meza ya pili linalia ukimkaribia. Ananichua wakati wa chai, nami namchua yeye. Nimekuandikia kwa sababu nikikuficha kila kitu utajua nakuficha. Ila usimwambie Dada. Ataniamuru niache kazi, kwa ile sauti anayowaamshia watoto wa watu.

Mwanao,
Kitinda


Shuleni, 13 Februari

Kitinda,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido ya bweni, ndiyo maana mwandiko una hasira.

Huyo daktari wa tano ulimweleza nini? Nakujua. Ukifika mbele ya meza ya daktari unakuwa mgeni aliyepita kusalimia. "Linauma kidogo tu, daktari." Kidogo gani, na wewe unazunguka meza? Nenda hospitali kubwa. Usiniambie habari ya foleni. Foleni ni watu, na wewe ni mtu, simama nao.

Biskuti zimehama. Siku hizi zinakaa ndani ya foronya, na msichana akigeuza kichwa usingizini unasikia zinavunjika.

Mama hajui kitu kuhusu tumbo lako, nimekula kiapo. Yeye anaendelea vizuri, ila analalamika bega la kulia. Nimeulaumu mto wake, nimemtafutia mwingine, na huo nao ameulaumu. Usimwandikie kwamba nimekwambia, anasema ukijua utaacha kazi uje kumchua. Nadhani pia ana jambo kichwani, maana ametoa viatu vya Baba kwenye boksi chini ya kitanda, amevipiga brashi, amevirudisha. Unajua anavyofanya akiwa na wasiwasi. Miaka yote hii hakuna mguu uliovivaa, na vinang'aa kuliko vyangu ninavyokwenda navyo kazini.

Hospitali kubwa. Nasubiri jibu.

Dada yako


Shuleni, 13 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Na mumeo mpe marahaba yake hata kama hakuniamkia.

Bega likande kwa kitambaa cha moto. Usibebe kapu kwa mkono huo. Na kama Bosi wako anataka vitambaa vinyooke kama ubao, avipige pasi mwenyewe. Dada yako sitamwambia, mimi siri naijua inavyokaa.

Mimi nipo. Nimeacha siagi, nimeacha na mayai ya kukaanga, maana siku hizi vikiingia tumboni vinafanya mkutano, na mkutano wenyewe hauishi. Nakunywa chai ya rangi na mkate mkavu, basi. Ni utu uzima tu. Usimwambie dada yako, atanibandikia ratiba ya chakula ukutani kama mwanafunzi, na mimi sikuzaa matroni ili aje anitawale.

Mama


Nyumbani, 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Nilikwenda hospitali kubwa. Nilifika mpaka kwenye benchi, nikakaa, halafu ile harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ikanipiga puani na nikawa mtoto tena, tumekuja kumwangalia Baba, umenishika mkono kwa nguvu. Nikainuka. Nikamwambia mama mmoja anishikie nafasi, nikaenda moja kwa moja nyumbani. Huenda bado ananishikia.

Usinigombeze. Sina mahali pa kuweka ugomvi. Siwezi kutulia hata kidogo. Nimesogeza kitanda dirishani, nikakirudisha. Nimepanga vyombo, nikavipangua, nikavipanga vile vile. Nakula mkate mtupu na bado linakuja, linanibana chini ya mbavu kama mtu ananikamua. Mkojo wangu una rangi ya chai. Kinyozi anasema nimekonda, nimemwambia ndiyo mtindo.

Nitakwenda. Wiki ijayo nitakwenda. Kwanza tumalize vitambaa vya hoteli.

Kitinda


Dukani, 29 Machi

Mama mkwe na Shemeji,

Shikamooni. Nawaandikia barua moja kwa sababu bahasha iliyobaki dukani ni moja, na habari nayo ni moja. Msishtuke. Nimeanza vibaya, maana mtu akiambiwa asishtuke ndipo anaposhtuka. Kitinda yuko hai, yuko kitandani hospitali kubwa, na leo ameanza kunikosoa nilivyovaa, kwa hiyo anapata nafuu.

Ilikuwa hivi. Mteja wangu, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye kiti akasema, "Nimempita mkeo njiani. Macho yake yamekuwa manjano." Nikamwambia ni huo mwanga wa asubuhi, kila mtu ni manjano. Sikuwa nimemaliza hata upande mmoja wa kichwa chake, akaja mtu mbio kutoka kwa dobi. Kitinda ameanguka chini ya meza, amejikunja, anatapika, na pasi imebaki juu ya kitambaa cha hoteli mpaka kimetoka tundu lenye umbo la pasi. Nilimwacha mwalimu wa watu na nusu kichwa.

Tulimpata daktari mwanamke, mtu mzima, hana haraka. Alimbonyeza chini ya mbavu za kulia, akamwambia vuta pumzi. Kitinda akapiga kelele. Akamuuliza maumivu yanakwenda mpaka wapi. Akajibu hayaendi popote. "Na bega je?" Akasema, "Bega ni la kazini, daktari, hiyo ni kesi nyingine." Daktari akaweka kalamu chini. "Umewahi kumwambia daktari yeyote habari ya bega?" Hapana. "Kwa nini?" Ndipo mke wangu akasema, mimi nimesimama pale pale, kwamba bega alimwandikia Mama na tumbo akamwandikia Dada. Nikauliza, na mimi? Akasema, wewe nilikwambia uchovu. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja, jamani, nikapewa uchovu!

Wakamtia kwenye ile picha ya tumbo, wanakupaka kitu cha baridi halafu wanakisugua na kuangalia kwenye kioo. Mfuko wa nyongo umejaa mawe. Daktari anasema tumbo na bega ni ugonjwa mmoja. Mawe yakibana, maumivu yanapanda mgongoni mpaka begani, na vyakula vya mafuta ndivyo vinavyoyaamsha. Jiwe moja lilikuwa limeziba njia, ndiyo macho yakawa vile. Vidonda hana, na hakuwahi kuwa navyo.

Sasa yuko kwenye dripu ili moto wa ndani upoe. Atarudi nyumbani apumzike, kisha watampangia siku ya kumpasua na kuutoa huo mfuko. Niliuliza mtu anaishije bila nyongo, nikaambiwa nyongo inatengenezwa na ini, ule ni mfuko wa kuiwekea tu. Nikasema, basi hasira zake zitabaki. Daktari hakucheka. Kitinda alicheka, ikamuuma, akanifukuza.

Mkwe wenu,
Kinyozi


Shuleni, 6 Aprili

Kitinda,

Leo sianzi na marahaba.

Barua ya mumeo dada yako aliisoma kwa sauti mezani. Alipofika kwenye bega nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Halafu tukatazamana. Nyumba moja, sahani zinagusana, mimi nina bega lako na yeye ana tumbo lako, na tunapitishiana chumvi, kila mmoja akijiona ndiye msiri wako! Nimelia, dada yako amelia, kisha tumekukasirikia kwa pamoja, jambo ambalo hatujafanya tangu ulipokata pazia la sebuleni kumshonea mwanasesere gauni.

Kuanzia leo hakuna mambo ya nusu nusu. Mtu akiumwa aseme yote, kwa watu wote. Sikukuzaa vipande vipande.

Habari ya kupasuliwa siisemi. Usinitake niseme nenda, wala usinitake niseme usiende.

Mimi mzima. Siagi nimeirudia, mayai nimeyarudia, tumbo halina neno. Usihangaike nami hata kidogo.

Mama


Shuleni, 6 Aprili

Kitinda,

Sina nguvu ya kukugombeza, Mama amezimaliza zote. Namshukuru Mungu kwa mume asiyejua nani anaambiwa nini katika nyumba yetu. Angezijua taratibu zetu angenunua bahasha mbili, na mpaka leo mimi na Mama kila mmoja angebaki na nusu yake.

Utapasuliwa. Hilo si ombi. Nimemuuliza muuguzi wa shule, anasema siku hizi wanatoboa matundu madogo, hawakufungui kama mfuko. Kula vya kuchemsha, pumzika, acha kusogeza vitanda.

 Mama akisikia neno kisu anatoka chumbani. Jambo jema ni moja: bega lake limepona. Tangu jioni ile ya barua hajalitaja hata mara moja, na ule mto alioulaumu sasa anausifu mbele za wageni. Lakini viatu vya Baba havirudi tena kwenye boksi. Viko chini ya kiti chake, nami nimeacha kuuliza.

Dada yako


Nyumbani, 19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nilipangiwa siku, nikafunga mkoba, nikaaga watu, mwenzangu wa meza ya pili akaniombea mpaka jasho likamtoka. Nikafika, nikaambiwa mashine ya nusu kaputi imeharibika, rudi nyumbani. Nikaufungua mkoba. Wakanipangia nyingine. Nikaufunga. Siku hiyo ikaja ajali ya barabarani, meza zote zikashikwa na watu waliovunjika, na huwezi kumkasirikia mtu aliyevunjika ingawa nilijaribu. Sasa mkoba siufungui wala siufungi. Umekaa mlangoni na kila nikipita najikwaa.

Kazini wamenikataza kushika pasi, kwa hiyo nakunja. Nimekunja kila kitu kinachokunjika. Nikifika nyumbani nakunja vyetu, vikiisha navikunjua navikunja upya. Kinyozi amenunua viazi, anavichemsha, anaviponda, ananilisha kama mtoto anayeota meno. Anajitahidi, maskini. Ananiuliza kila saa, "Unaumwa? Wapi? Na wapi tena?" Ndiyo adhabu yangu.

Naogopa, Dada. Nimechoka kufanya utani. Sasa hivi haliumi sana, na likiacha kuuma najiambia, kwa nini nikakatwe? Nimeishi nalo miaka yote, si naweza kuishi nalo tena? Niambie kweli, wewe ulikuwa mkubwa, mimi nakumbuka harufu tu. Baba aliuawa na kisu?

Kitinda


Shuleni, 27 Aprili

Kitinda,

Hapana.

Baba aliumwa wiki nzima akisema ni kidogo. Unalijua hilo neno, ni la kwetu. Alikwenda kazini nalo, akala nalo, akatucheka tulipomwambia uso wake umebadilika. Alipokubali kupelekwa, utumbo ulikuwa umeshapasuka ndani. Madaktari walijaribu. Walikuwa wamechelewa kwa sababu yeye alichelewa.

Nilikuwepo. Mama alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Muuguzi akamwambia Baba avue viatu, Mama akainama akamvua, akavishika. Mlango ukafungwa. Alisimama pale pale, viatu mkononi, mpaka walipotoka kumwambia. Kuna mtu alitaka kumpokea avitue, akakataa. Mama hakuona kwamba Baba alichelewa, Kitinda. Aliona mlango.

Ndiyo maana hawezi kukwambia nenda. Mimi naweza. Nenda. Ukirudi nyuma utakuwa umesema "ni kidogo" kama yeye, na mimi sina mkono wa kumshika Mama mara ya pili.

Dada yako


Hospitali, 7 Mei

Dada,

Shikamoo. Kesho asubuhi, kama mashine ni nzima na watu wameendesha magari yao vizuri.

Nataka usikie hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa Kinyozi, maana yeye ameshalisimulia wodi nzima. Leo mchana nilitoroka. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni alirudishwa kutoka huko ndani, amelala, mdomo wazi, na nikajiona mimi. Nikavaa gauni langu juu ya lile la hospitali, nikachukua mkoba, nikapita kwa muuguzi kwa mwendo wa mtu aliyekuja kumtembelea shangazi. Nilifika getini. Pale nikasikia changarawe zinanichoma nikatazama chini, niko pekupeku.

Kinyozi alikuwa kwenye benchi karibu na geti, viatu vyangu mapajani. Walimkabidhi nilipolazwa, na hajavitua tangu siku hiyo, hajui hata habari ya Mama, anasema tu aliogopa vitaibiwa. Akaniuliza, "Unakwenda wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Haya, nenda. Lakini viatu sikupi." Nikamwambia nipe. Akavikumbatia. Mtu mzima, mwenye duka, anakumbatia kandambili na kunitazama kwa macho yamejaa machozi! Nikakaa karibu naye nikalia, kisha nikaanza kucheka, na kucheka kukanibana pale chini ya mbavu kiasi kwamba nilirudi wodini mwenyewe.

Mwambie Mama nimemwamkia. Usimwambie habari ya geti. Au basi, mwambie. Mwambie yote.

Kitinda


Hospitali, 8 Mei

Mama mkwe na Shemeji,

Ametoka. Anaongea. Neno la kwanza aliuliza viatu vyake viko wapi, nikamwonyesha. La pili aliniuliza kwa nini sijanyoa ndevu, na mimi ni kinyozi.

Mawe wametukabidhi kwenye kichupa. Ni ya rangi ya kahawia, yamechongoka. Nitamwonyesha mwalimu mstaafu, yule niliyemwacha na nusu kichwa.

Mkwe wenu


Nyumbani, 25 Mei

Mama na Dada,

Shikamooni nyote wawili. Bahasha ni moja, na nimefanya makusudi. Dada, soma kwa sauti, mezani. Mama, usiinuke.

Naendelea vizuri. Matundu manne yamefunga, nimebaki na alama ndogo kama za mtu aliyeng'atwa na mdudu mwenye mpangilio. Jana nilikula yai la kukaanga. Lilishuka, likakaa, halikusema kitu. Nikalingoja jioni nzima kama mgeni mwenye madai, halikuja. Bega nalo kimya. Mwenzangu wa meza ya pili amekasirika, anasema nimemwacha peke yake, na tayari ameomba ruhusa akapigwe picha.

Lakini bado situlii, na sasa nitasema kwa nini.

Nimelazwa nyumbani, sikunji, sipangi, nimekatazwa hata kuinua birika. Basi nimekuwa nikisoma barua zenu, zako Dada mkono huu, zako Mama mkono huu. Dada, uliniandikia mwezi wa pili kwamba Mama analalamika bega la kulia, ukaniambia nisiseme. Mama, wiki hiyo hiyo uliniandikia kwamba siagi na mayai vinafanya mkutano tumboni, ukaniambia nisiseme. Nami sikusema, kwa sababu kwetu ndivyo tulivyo. Nilikuwa na yote mawili mkononi nikaona ni utu uzima.

Halafu ikaja barua ya Kinyozi. Mama ulimwambia Dada arudie pale kwenye bega, mara mbili. Na baada ya hapo? Dada anaandika bega limepona jioni ile ile, mto unasifiwa. Mama unaandika tumbo halina neno, siagi imerudi. Mama, hakuna mtu anayepona bega na tumbo kwa kusomewa barua. Ulisikia ugonjwa wangu ukaujua kuwa ni wako, ukanyamaza pande zote mbili kwa siku moja. Mimi nilikugawia nusu. Wewe hukumpa mtu hata hiyo nusu.

Umeandika mwenyewe, mtu akiumwa aseme yote, kwa watu wote. Sema, Mama. Dada yuko mbele yako. Dada, kama hasemi, mtazame sahani yake, halafu weka barua chini umpeleke akapigwe picha. Usimuulize kama linauma. Atasema kidogo.

Naogopa kuliko nilivyoogopa mwezi huu wote.

Mwanenu na mdogo wenu,
Kitinda


Shuleni, 6 Juni

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Barua hii dada yako ameisoma kabla sijaifunga, nimempa mwenyewe kwa mkono wangu, ujue mambo yamebadilika.

Aliposoma yako mezani nilitaka kuinuka. Akaweka mguu wake juu ya wangu. Siagi ilikuwa kwenye mkate wangu, sijaionja, nilikuwa naipaka ili aone inapakwa. Basi nikasema. Tumbo, linakuja nikila mafuta, linanikunja. Bega, hapa nyuma. Na kutapika, hilo hakuna niliyemwambia, nilikuwa nafungulia bomba ili sauti isisikike. Nilisema yote bila kupumzika, na dada yako hakunipigia kelele hata kidogo. Alinishika kichwa kama mimi ndiye mtoto, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Picha tumekwenda. Mawe ni mawili, makubwa. Siku wameshaipanga.

Usidhani nilinyamaza kwa ukaidi. Nilipoisikia barua ya mumeo nilijua, nikajiambia, ngoja. Wewe ulikuwa unakwenda kuingia mlango ule, na mimi katika maisha yangu sijawahi kuona mtu wangu anauingia na kuutoka. Nisingeweza kwenda na kukuacha wewe ndani, wala nisingeweza kwenda kabla sijajua. Kwa hiyo nilikungoja. Kila siku mlipoahirishiwa nilikuwa nakufa na kufufuka. Dada yako aliponisomea kwamba umetoka na unaulizia viatu, nilikwenda chooni nikalia kwa sauti, nikafungulia bomba.

Viatu vya baba yenu nimevirudisha kwenye boksi.

Njoo kabla ya siku yenyewe, njoo na mumeo. Yeye atamnyamazisha dada yako kwa maneno, sijaona mwingine anayeweza. Dada yako atashika mkoba, maana bila kushika kitu ataanza kuamrisha wauguzi. Wewe utafika nami mpaka mlangoni. Watanivua viatu, nawe utavishika. Mtu akitaka kukupokea, kataa. Nikitoka nitavitaka.

Mama